Milimita 15: tathmini yangu ya kliniki ya marudio JKCI, miezi 6 baada ya kubadilishiwa valvu

Mimi ni fundi seremala, kibanda changu kipo Makorora, Tanga. Kazi yangu ni ya milimita. Mlango ukizidi milimita 3 haufungi, ukipungua milimita 5 unaingiza mbu. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba chumba cha kushoto cha moyo wangu kimetanuka hadi milimita 72, wakati kwa mwanamume hakitakiwi kupita 58 hivi, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilitoa tepu mfukoni palepale kwenye benchi la kusubiria, nikaivuta hadi 72, nikairudisha hadi 58, nikabaki naitazama ile nafasi iliyobaki. Kwenye fremu ya dirisha, tofauti ya namna hiyo ni kazi ya kutupa.

Watu wengi wakinikuta wananiuliza habari za siku ya upasuaji. Mimi nataka kueleza huduma inayoanza baada ya siku hiyo, yaani kliniki ya marudio ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Taasisi ilianzishwa 2015 na wengi tunaiita JKCI. Tangu nipasuliwe nimerudi mara 4: wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwezi wa 6. Kama wewe au ndugu yako yumo katika safari hii, nadhani haya yatakusaidia kuliko hadithi ya kisu.

Kwanza ugonjwa. Nikiwa darasa la nne niliumwa koo, kisha magoti yakavimba, likipoa hili linavimba lile, mwisho kiwiko. Nyumbani tukasema ni homa, nikanywa dawa, ikapita. Miaka 27 baadaye daktari alinisikiliza habari hiyo hadi mwisho, akaniambia ile ilikuwa homa ya rumatiki. Bakteria wanashambulia koo, mwili unapigana nao, na katika kupigana unaziumiza valvu za moyo wake wenyewe. Kwangu iliumia valvu ya aota, mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Ikawa haifungi sawasawa. Kila moyo ukisukuma, sehemu ya damu inarudi ndani.

Miaka yote hiyo sikujua kitu, maana moyo ni mvumilivu mno. Unajitanua ili upate nafasi ya damu inayokuja na ile inayorudi, na wewe unaendelea kubeba mbao. Halafu ukachoka. Nikawa nalala na mito 3. Ubao mmoja wa mninga nikiupiga randa nasimama mara 4 kuvuta pumzi. Nikilalia ubavu wa kushoto nahisi kitanda kinatikisika kwa mapigo. Mama Amina, mke wangu, ndiye aliyeona mishipa ya shingo yangu inarukaruka nikiwa nimekaa tu. Presha ilisoma 160 kwa 50, sista akarudia kupima mara mbili kwa sababu ile namba ya chini haikumwingia akilini.

Upasuaji nitaupita haraka. Walipasua mfupa wa kifua, damu ikapitishwa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, valvu yangu ikatolewa, ikashonwa ya bandia. Mitaani tunaiita valvu ya chuma, lakini vile vijilango vyake viwili ni vya kaboni ngumu, vinafunguka na kufunga kama mlango wa mbao mbili. Nilikuwa na miaka 37, na kwa umri huo walinishauri hiyo kwa kuwa inadumu. Sharti lake ni kumeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku ya maisha yangu. Usiku mtaa ukitulia naisikia valvu: tik, tik, tik. Mama Amina naye anaisikia. Wiki za mwanzo ilininyima usingizi, sasa nalala nayo kama saa ya ukutani.

Wodini kulikuwa na vitu viwili ambavyo sitavisahau: mto mdogo wa kukumbatia kifuani kila ukitaka kukohoa, na kifaa cha plastiki chenye vimipira 3 ambavyo unatakiwa uvipandishe kwa kuvuta pumzi. Siku ya kwanza nilipandisha kimoja, nacho kikaanguka. Nililia. Baadaye, nikiwa nyumbani wiki ya tatu, nililia tena bila sababu ninayoijua, nimekaa mlangoni naangalia kuku. Nasema hili ili anayepitia hali hiyo asidhani amerukwa na akili. Pale kliniki sista aliniuliza mwenyewe, kabla sijamwambia: "Kaka, moyoni unajisikiaje, si moyo wa eko, wewe mwenyewe?" (Eko ni ultrasound ya moyo.) Swali hilo peke yake ningelisafiria kutoka Tanga.

Sasa marudio yenyewe. Unapimwa uzito na presha, unatolewa damu kwa ajili ya INR, kipimo cha kuganda kwa damu, unawekewa waya za kifuani za kupima umeme wa moyo, kisha eko, kisha daktari. Eko inapimwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Unavua shati, unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa majimaji ya baridi, na mtaalamu anakandamiza kifaa katikati ya mbavu huku moyo wako unacheza kwenye skrini. Mara ya kwanza sikuthubutu kutazama. Mtaalamu aliyenipima, kijana mpole, aliniona nimefumba macho. Akageuza skrini kidogo upande wangu, akasimamisha picha, akavuta mstari kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi ukuta wa pili, kama mimi ninavyovuta mstari kwa penseli. Akasema, "64." Niliuliza, 64 nini? "Milimita. Kabla ya upasuaji ulikuwa 72."

Wiki 2 tu. Chumba kimerudi milimita 8 katika wiki 2. Nilitaka kuinuka nimkumbatie, akanikumbusha mfupa wa kifua.

Lakini palikuwa na namba ya pili, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Inaitwa EF: katika damu yote iliyojaa kwenye chumba cha kushoto, ni asilimia ngapi inasukumwa nje kwa pigo moja. Moyo mzima unasukuma kuanzia 55 hivi kwenda juu. Mimi kabla ya upasuaji nilikuwa na 46. Siku ile ikasoma 38.

Nilihisi baridi mwili mzima. Nimepasuliwa, nimeuza mbao zangu zote za akiba na mashine ya kuchania, halafu moyo umekuwa dhaifu kuliko nilivyokuja? Nilivaa shati vibaya, vifungo havikulingana, nikaingia kwa daktari hivyohivyo.

Daktari hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alichukua karatasi akachora. Akaniuliza kama nimewahi kuona pampu ya kisima ambayo kidude cha chini cha kuzuia maji yasirudi kimeharibika. Nimeona, kwa jirani. Akasema: "Pampu hiyo inazunguka sana na inasukuma maji mengi, lakini nusu yanarudi kisimani. Ukihesabu kila tone lililosukumwa utasema pampu ni nzima. Ile 46 yako ilihesabu na damu iliyokuwa inarudi. Sasa mlango unafunga. Damu haina pa kurudia, inakwenda mbele tu, na kinachoonekana leo ni nguvu halisi ya msuli wako. Msuli umechoka, tuupe miezi."

Nimewahi kukutana na wagonjwa waliopewa karatasi ya majibu kwingine bila neno, wakaisoma wenyewe kwenye daladala. Kwa ugonjwa aina yangu, yaani valvu iliyokuwa inavujisha, namba hiyo kushuka katika siku za mwanzo ni jambo ambalo madaktari wanalitarajia. Mgonjwa asiyeambiwa atakwenda nyumbani akijiona maiti. Dakika zile 10 na karatasi ile ndizo ninazozipa alama za juu kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii. Karatasi ninayo, nimeibandika kibandani juu ya benchi la kazi.

Halafu akanieleza namna msuli unavyorudi. Kwanza mzigo unaondoka, na hilo linatokea siku ileile valvu inapobadilishwa. Ndiyo maana chumba kinapungua haraka katika wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo nyama yenyewe inaanza kujipanga upya, na kazi hiyo ni ya miezi, kwa wengine mwaka na zaidi. Dawa zinausaidia: mimi nilipewa enalaprili na kavediloli, kwa dozi ndogo kwanza, zikawa zinapandishwa kila marudio kadiri presha ilivyoruhusu, na Lasix kwa wiki kadhaa za kutoa maji. Hakunidanganya kuhusu jambo moja: nyuzi za msuli ambazo zilishakufa zikawa kovu hazirudi. Nilimuuliza yangu ina kovu kiasi gani. Akasema moyo wenyewe utatujibu kwa miezi 6, na kwamba ningechelewa zaidi jibu lingekuwa baya.

Wiki ya 6: upana 61, EF 42. Mwezi wa 3: 59 na 48. Mwezi wa 6, yaani mwezi uliopita: 57 na 54. Presha 124 kwa 76. Kila namba niliandika mwenyewe kwenye daftari la oda za wateja, kurasa za mwisho, na kila mara mtaalamu wa eko alinisubiri nimalize kuandika. Milimita 15 kutoka 72. Nilipofika nyumbani nilimvutia Mama Amina tepu, nikamwonyesha. Alishika kile kipande kati ya vidole viwili, akakaa nacho kimya muda mrefu.

Kwenye benchi nilikuwa nakutana na mzee mmoja kutoka Lindi, miaka 71, shikamoo yake ilikuwa lazima maana bila hiyo hazungumzi. Naye amebadilishiwa valvu ya aota, lakini maradhi yake yalikuwa kinyume cha yangu. Yake ilikuwa imekakamaa kwa madini kama chokaa, haifunguki. Moyo ukawa unasukuma damu kupitia tundu dogo kwa miaka, na msuli ukanenepa kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku. Ukuta wa moyo wake ulifika milimita 16, wakati wa kawaida ni 10 hivi. EF yake haikushuka kamwe, 60, na bado alikuwa hawezi kupanda ngazi, kwa sababu ukuta mnene ni mgumu, haulegei kupokea damu. Wangu ulikuwa gunia lililovutika, wake ulikuwa ubao. Yeye kwa umri wake aliwekewa valvu iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, hana haja ya wafarini ya maisha. Sasa ana mwaka mmoja na ukuta umepungua hadi 13. Alinionya nisilinganishe namba zangu na zake, na hilo ni onyo zuri kwa kila anayekaa kwenye benchi lile: uliza mwenzako anaumwa nini kabla hujauliza amefika ngapi.

Sasa niseme yaliyoniudhi, na hayakutokea kliniki. Yalitokea kwetu nyumbani, na sitataja majina. INR ni kipimo cha kuonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mimi natakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda kwenye valvu, juu ya hapo unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Kati ya marudio napima karibu na nyumbani. Maabara moja ilichukua damu yangu Jumatatu ikanipa majibu Ijumaa. Kwa siku hizo 4 ufizi ulikuwa unatoka damu nikipiga mswaki, na majibu yalipokuja yalisema 4.8. Majibu ya INR ya siku 4 zilizopita hayana faida, ni kama kumpa mtu kipimo cha mlango wa nyumba ya jana. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa niache dozi, nipime tena, na wakauliza swali ambalo maabara haikuuliza: umebadilisha nini? Nilikuwa nimenunua wafarini duka jingine la dawa. Mimi nilizoea kuijua kwa rangi, na rangi zinatofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Nilikuwa nameza dozi isiyo yangu kwa siku 6. Ndugu yangu, soma miligramu. Usiamini rangi.

Na mboga. Sikukatazwa mchicha, kisamvu wala matembele, kama wengine wanavyotishwa. Niliambiwa nile kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa, na dozi inapangwa kulingana na ulaji wako. Ukila kisamvu kila siku mwezi mzima halafu ukaacha ghafla, INR inaruka.

Kwa fundi, wafarini ina hofu yake. Mwezi wa 4 patasi iliniteleza ikanichana chini ya kidole gumba. Zamani ningefunga kitambaa nikaendelea. Nilikandamiza kwa shuka safi dakika 20 nikiangalia saa, mkono nimeuinua juu, ndipo ikasimama. Sasa navaa glovu ya ngozi mkono wa kushoto na kibandani kuna pamba na bandeji.

Kuhusu mfupa wa kifua, wameufunga kwa nyaya za chuma, na wiki 12 za mwanzo niliambiwa nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 5, nisisukume wala nisivute kwa nguvu. Vijana wangu kibandani walidhani nimekuwa mvivu. Niliwaambia waangalie viungo vya gundi: ukifungua klempu kabla gundi haijakauka, kiungo kinaonekana kizuri na kitaachia siku ya kwanza mtu akikalia kiti. Walielewa. Kazi yangu miezi hiyo ilikuwa kutembea. Nilianza dakika 5 uani, nikaongeza kidogo kidogo, mpaka wiki ya 6 nilikuwa natembea nusu saa kuelekea Raskazoni wakati jua limepoa.

Ushauri kwa anayetoka mbali kama mimi. Usisafiri na kupima siku moja. Mimi nashukia Mbezi jioni, nalala kwa dada yangu, asubuhi napanda mwendokasi hadi kituo cha Fire na kutoka hapo nachukua bajaji. Miezi ya mwanzo ukiwa ndani ya basi weka ule mto kati ya mkanda na kifua. Beba dawa zote na pakiti zake, si vidonge kwenye bahasha. Beba daftari. Na ukiwa na jino la kung'oa, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa kwamba una valvu ya bandia, ili akupe antibiotiki kwanza, maana vijidudu vya kinywani vikikaa kwenye valvu unaweza kurudi kupasuliwa.

Ombi langu ni moja. Ningetamani kila mtu mwenye valvu kama yangu, popote alipo, apate karibu naye INR ya tone la kidoleni yenye majibu palepale. Moyo umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, inauma kuona unahatarishwa na karatasi iliyochelewa.

Mwezi uliopita daktari aliniruhusu kurudi kwenye kazi nzito, taratibu. Wiki hii nimeanza kitanda cha mteja, futi 5 kwa 6, mninga. Juzi asubuhi nilifunga ubao wa kwanza kwenye benchi, nikapiga randa kutoka mwanzo hadi mwisho, nikageuza, nikapiga upande wa pili. Sikusimama. Nilimwita Mama Amina atoke aje aone maranda yalivyolala sakafuni.